Betri Mbili za Haketi

Mama yangu mdogo hunywa chai akitembea. Kikombe mkononi, anatoka jikoni, anapita sebuleni, anachungulia uani, anapiga funda moja, anarudi alikotoka. Ukitaka kuzungumza naye ni lazima umfuate, na ukitaka akusikilize ni lazima umkute amebeba kitu kizito kinachompunguza kasi. Bibi alikuwa akisema kwamba mtoto huyu hakutambaa: jana yake alikuwa amelala kwenye mkeka, siku ya pili akaonekana mlangoni anataka kutoka. Kwenye mtaa wa gereji, alikofanya kazi miaka thelathini na mmoja, walimpa jina la Haketi. Jina lilimkaa vizuri hata mafundi waliokuja baadaye wakadhani ndilo alilopewa na wazazi wake.

Alikuwa fundi umeme wa malori. Magari madogo hakuyapenda. Aliyaita saa za mkononi. Malori yalikuja taa zimekufa na waya zimeliwa na panya, naye alijikunja chini yake, akatoka uso mweusi, akapiga mlango makofi mawili kumwambia dereva aondoke. Mara nyingine alipanda naye ili asikilize kama betri inapokea chaji njiani. Safari hiyo iliishia kwenye mizani, pale malori yanapopimwa uzito, kilomita kumi na nne kutoka mjini. Hapo alishuka, akadandia gari lolote linalorudi.

"Kila lori nililoligusa limefika," aliniambia siku moja, akinimwagia maneno hayo begani huku akipita na ndoo. "Mimi ndiye niliyebaki mizani."

Mumewe, baba yangu mdogo, ni mshonaji, na ni mtu wa kuketi. Cherehani yake iko dirishani, na kigoda chake kimechimbika umbo lake. Watu wakimuuliza walikutana vipi, hujibu bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa: "Nilikuwa nimeketi. Akapita. Akapita tena."

Waliishi hivyo vizuri, mmoja akizunguka, mwingine akizungukwa, hadi miaka minne iliyopita ilipoingia mashine. Baba mdogo hukatika pumzi akilala. Daktari alieleza kwamba njia ya hewa hujifunga usingizini, akamwandikia kimashine cha ukubwa wa mkate wa boflo, chenye bomba na barakoa, kinachompulizia hewa muda wote aliolala. Waliisubiri miezi minane, na hospitali iliwaambia waziwazi kwamba ikiharibika, foleni ni ileile. Umeme ukikatika, baba mdogo huamka, huketi kitini, husubiri. Kwa hiyo tangu siku hiyo hajalala popote ila chumbani kwake, karibu na soketi yake. Mama mdogo aliibatiza mashine ile jina la mke mwenza.

"Mke mwenzangu kaamkaje leo?" huuliza asubuhi akipita.

"Salama. Analalamika kwamba unakoroma."

Kisha viganja vya mama mdogo vikaanza kukataa spana, akaacha gereji. Nyumba ikawa ndogo ghafla. Alibadilisha swichi zote, akazirudisha za zamani kwa sababu mlio wa zile mpya ulimkera. Alifunga kengele ya mlango, akawa anatoka nje kuibonyeza mwenyewe. Mwezi wa tano wa kukaa nyumbani akaja na basi dogo chakavu lililokuwa likibeba wafanyakazi wa kiwanda, akaliegesha uani, akang'oa viti. Alitaka kulifanya gari la kulala, lenye kitanda, taa, feni na jiko dogo. Na alitaka kupita mizani. Mbali kiasi gani baada ya hapo, hakusema. Nadhani hakuwahi kufikiria, maana mawazo yake miaka yote yalishukia hapo.

Baba mdogo hakukataa. Alishona magodoro, akashona mapazia, akauliza swali moja tu kuhusu hewa yake. Mama mdogo akajibu kwamba ataweka betri za nyumba.

Gari la kulala, nilijifunza wiki ile, lina betri za aina mbili. Iko ya injini, ambayo kazi yake ni kupiga stata na kupumzika. Halafu kuna za nyumba, zinazowasha taa na kuzungusha feni wakati injini imezimwa. Kwa upande wetu zingefanya na kazi ya kumpulizia baba mdogo hewa mpaka aamke.

"Sikiliza, Fundi," baba mdogo alimwambia mbele yangu, maana nilikuwa nimefika kwao siku hiyohiyo kwa likizo ya wiki moja. "Nitalala humo mara moja kwa majaribio. Iwe mchana, liwe limesimama hapahapa uani. Mashine ikikohoa hata mara moja, neno basi nisilisikie tena katika nyumba hii."

"Hata lile la kumaliza maneno?"

"Hata hilo."

"Basi," alisema mama mdogo, akaziba mdomo kwa kiganja, akatoka.

Betri zilikuwa mbili, za aina mpya, kila moja kilo ishirini na mbili. Zilikuja na kijitabu cha lugha ya kigeni, herufi zake kama mchanga. Mama mdogo alikigeuzageuza akaniletea mezani.

"Mwanangu, wewe umesoma. Hebu niulizie huyu anataka nini. Za zamani nazijua hadi harufu. Hizi mpya zina tabia zao, na safari hii sitaki kubahatisha. Atakachosema huyu ndicho nitakachofanya, neno kwa neno."

Ninafanya kazi maktaba, na mtu akinipa maandishi badala ya mazungumzo huwa amenitendea wema. Niliketi siku nzima na kamusi mbili. Niliandika daftarini hatua kumi na moja kwa mwandiko wangu bora, na hatua ya saba ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote, kwa sababu nililipata neno lake barabara kutoka kwenye somo la fizikia la sekondari: Betri zote mbili ziungwe sambamba.

Jumatatu na Jumanne zilikuwa za kuzifunga zisitembee. Mchomeleaji, jirani yetu mwembamba anayeitwa Cheche, alitengeneza fremu ya chuma ya kukaa chini ya kitanda. Baba mdogo alishona mikanda miwili kutoka mikanda ya usalama ya lori, kwa sindano ya turubai, mistari minne ya uzi kila ncha. Mama mdogo aliivuta mikanda hiyo huku mguu mmoja umekanyaga ukuta wa basi.

"Haketi," Cheche alimwita kutoka chini, "unafunga betri au unafunga mhalifu?"

"Mhalifu akifunguka anakukimbia. Betri ikifunguka inakufuata."

Cheche alicheka. Mama mdogo hakucheka. Baadaye, akiwa amejikunja chini ya kitanda mahali ambapo hawezi kutembea, alinisimulia kuhusu lori lililowaka kwenye mteremko wa kabla ya mizani. Betri ilikuwa imelegea kwenye kikalio chake. Ikaruka, kichwa chake kikagusa chuma, cheche moja ikatosha. Dereva alitoka na kiatu kimoja.

"Asubuhi ile mimi ndiye niliyemtengenezea taa," alisema. "Nilipita karibu na betri hiyo mara sita. Sikuigusa. Sikuwa nimeitiwa betri." Akaomba spana namba kumi na tatu. Nilimpa, akaikaza nati ambayo tayari ilikuwa imekazwa.

Jumanne mchana tulilipeleka basi kwenye uwanja mtupu nyuma ya gereji. Alizungushia betri mstari wa chaki, akaniketisha sakafuni nizitazame, akakimbiza gari, akakanyaga breki ghafla.

"Zimesogea?"

"Kidole."

"Kidole cha nani?"

"Changu."

"Wewe una vidole vya sindano. Lakini kidole ni kidole."

Tukarudi, akafungua kila kitu. Bolti zilikuwa zimeshika ubao wa sakafu peke yake, na ubao ulikuwa umenyumbuka. Cheche alirudishwa, akilalamika kwamba chai yake inapoa, akaweka mabamba ya chuma chini ya sakafu, na bolti zikapitishwa hadi kwenye chesisi. Safari ya pili uwanjani alikanyaga breki mara tatu. Kilichosogea ni mimi tu, niliyejikuta mlangoni na chaki mdomoni.

"Hizo sasa hata basi likipinduka zitabaki zimeketi," alisema. Uso wake uling'aa kidogo, kisha ukaanza tena kutafuta cha kufanya.

Waya zilikuwa za Jumatano na Alhamisi. Alichagua waya mnene kama kidole gumba. Kila ulipopita kwenye tundu la chuma aliuvalisha mpira ili ukingo usiutafune. Aliweka fyuzi kubwa karibu kabisa na betri, kiasi cha shubiri, maana, alisema, waya uliopo kabla ya fyuzi hauna mlinzi. Alivua pete yake ya ndoa akaifunga kwenye ncha ya khanga. Kila hatua alinitaka niisome kwa sauti, naye alirudia kama mtu anayekariri.

"Hatua ya saba," nilisoma Alhamisi saa sita mchana. "Betri zote mbili ziungwe sambamba."

"Sambamba." Aliinama akazitazama, zilivyopangana bega kwa bega ndani ya fremu. "Si hizo hapo? Sambamba kama maharusi." Akachukua kipande kifupi cha waya, akaunga kichwa chekundu cha betri ya kwanza na kichwa cheusi cha betri ya pili, akakaza.

Niliona. Nataka kuliandika hili waziwazi, kwa sababu watu wamenisifu baadaye kwamba nilikuwa na jicho. Jicho lilikuwapo tangu mwanzo. Sauti ndiyo iliyochelewa. Nilijua mchoro wa sambamba: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Alichounga yeye kilikuwa cha mfuatano, betri ya pili ikibebwa juu ya ya kwanza, na volti zinajumlishwa. Kumi na mbili na kumi na mbili. Lakini huyu ni mtu aliyeunga betri kabla mimi sijazaliwa. Huenda kuna waya mwingine unakuja. Huenda kuna jambo la kifundi ambalo vitabu havilijui. Nilifunua ukurasa, nikaufunika, nikaufunua.

Alimaliza waya zilizobaki. Akachukua taa yake ya majaribio, globu ya lori iliyochomelewa waya mbili, ambayo ameitumia miaka yote, akaigusisha kwenye soketi iliyo karibu na mto. Iliwaka nyeupe, safi.

"Umeona mwanga huo?" alisema. "Mwanga wa haki kabisa." Akapiga ubavu wa basi makofi mawili. "Mume wangu! Mlete mke mwenzangu!"

Baba mdogo alikuja akiwa ameipakata mashine kwa mikono miwili, nyuzi zikiwa bado zimemganda kwenye suruali. Alipanda polepole, akavua viatu, akavipanga. Akajinyoosha kwenye godoro alilolishona mwenyewe, akavaa barakoa, akafunga kamba kisogoni. Kwa barakoa ile hakuweza kusema vizuri. Aliinua kidole gumba. Mama mdogo alishika plagi ya mashine, akainama kuelekea kwenye soketi.

"Mama mdogo," nilisema.

"Nini?"

"Sambamba."

"Sambamba nini? Si tumeipita hiyo?"

"Si betri zenyewe." Sauti yangu ilikuwa ya kunong'ona kama niko kazini. "Zinazokuwa sambamba ni waya. Nyekundu kwa nyekundu."

Alinitazama. Plagi ilikuwa imebakisha urefu wa kucha.

"Moto kwa moto?" aliuliza.

"Nadhani. Moto kwa moto."

"Na bodi kwa bodi," alisema, akionyesha vichwa vyeusi kwa kidevu.

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini hukuandika moto kwa moto?"

Neno hilo halikuwamo katika kamusi zangu zote mbili, kama ambavyo langu halikuwa limewahi kutamkwa mtaa wa gereji. Alikwenda kwenye sanduku la vifaa, akatoa mita, akagusisha ncha zake kwenye soketi. Nilisoma namba hizo kutoka nilipokuwa nimesimama. Ishirini na sita na nukta sita. Mashine ya baba mdogo ilitaka kumi na mbili.

Akaitazama mita. Akaitazama taa yake ya majaribio, globu ya lori. Malori yote aliyoyatengeneza yalitumia betri mbili zilizopandana, ishirini na nne, na globu ile ilikuwa ya ishirini na nne. Kama angeunga sawasawa ingewaka kwa unyonge, naye angedhani amekosea. Mikono ilikuwa imefanya ilichokizoea, neno langu likaipa ruhusa, na taa ikaipigia makofi.

Mama mdogo akaketi.

Aliketi sakafuni, mgongo kwenye fremu ya betri, miguu imenyooka mbele kama ya mtoto. Juu ya kitanda baba mdogo aligeuza kichwa, akamwona, akang'oa barakoa kwa haraka ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Umeketi? Kimeharibika nini?"

Angeweza kusema bolti imelegea. Angeweza kusema amechoka. Nilimwona akilitafuta neno la kusema na mimi, kwa aibu, nikimwombea alipate, kwa sababu Jumamosi ilikuwa keshokutwa na basi lilikuwa tayari limejaa masufuria.

"Nilikuwa namuua mke mwenzangu," alisema. "Nimeunga kama lori. Ingeungua hapohapo, wewe ukiwa umeivaa."

Baba mdogo aliigeuza barakoa mkononi kama anakagua mshono.

"Imekohoa?" aliuliza mwishowe.

"Haijawashwa."

"Nimeuliza imekohoa?"

"Haikukohoa."

"Basi," alisema, nikaona mama mdogo ameinua kichwa kwa neno hilo. "Fungua. Unga tena, mimi nikiangalia. Na usiniambie kwa maneno ya huyu," akanionyesha kwa kidevu, bila ubaya, "wala ya gereji. Niambie kwa ya cherehani."

Akashuka kitandani. Kwa saa nzima mtu aliyezoea kuketi alisimama ameinama, na mtu asiyeketi alikuwa chini, akimweleza waya mmoja mmoja. Huu ni uzi wa juu, huu wa chini. Hii fyuzi ni pindo, nguo ikivutwa sana pindo ndilo linalofumuka, kitambaa kinabaki. Alifungua bodi kwanza, kama ilivyo kawaida yake, na bodi ndiyo iliyorudi mwisho. Baba mdogo aliuliza maswali ya kipumbavu na mengine mawili mazuri sana. Kwa mfano, alitaka kujua betri hizo zinapata wapi chaji zikiwa safarini, akaonyeshwa kiunganishi kinachozikutanisha na betri ya injini basi likiwa linatembea, na kuziachanisha likizimwa, ili nyumba isije ikamaliza nguvu za kuwashia gari. Mita ikasema kumi na tatu na nukta tatu. Mama mdogo akampa mumewe aisome mwenyewe. Halafu akanipa bisibisi nikaze kifuniko cha mwisho, na alipoona nimekilegeza badala ya kukikaza alinipokonya, akakikaza mwenyewe.

Nilifuta hatua ya saba. Nikaandika juu yake: Moto kwa moto, bodi kwa bodi.

Saa nane na nusu baba mdogo alijilaza tena. Plagi ikaingia. Mashine ikaanza ule mvumo wake mdogo, kama mtu anayepuliza chai. Tulitoka, tukauacha mlango wazi, na mama mdogo akaanza kulizunguka basi. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni na kitabu nisichokisoma. Kila alipopita dirisha la nyuma alisimamisha miguu, si mwili, akasikiliza, akaendelea. Cheche alichungulia juu ya ukuta kuuliza kuna msiba gani, akafukuzwa kwa mkono. Nilihesabu mizunguko hadi sitini na mitatu, nikapoteza hesabu feni ilipowaka ndani na yeye akakimbilia dirishani. Alikuwa ni baba mdogo, amenyoosha mkono usingizini akagusa swichi.

Aliamka saa kumi na robo. Tulisikia mvumo ukikatwa, kisha kimya, kisha kitanda kikilia. Mama mdogo alikuwa upande wa pili wa basi, akaja mbio huku ameshika ncha ya khanga ambamo pete yake ilikuwa bado imefungwa.

Baba mdogo alitokea mlangoni, alama nyekundu za barakoa mashavuni, nywele zimelala upande mmoja. Akatazama ukuta, kamba ya nguo, kengele ya mlango, na sisi wawili.

"Tumefika wapi?" aliuliza.

"Uani."

"Bado uani?" Alikunja uso kama mtu aliyecheleweshwa. "Nimelala muda wote huo, na bado uani? Fundi, unangoja nini?"

Waliondoka Jumamosi asubuhi. Nilibaki kufunga nyumba, na saa tano asubuhi simu yangu ililia ujumbe wa baba mdogo, ambaye huandika kama anavyoshona, bila kuruka hata tundu moja.

Ulisema: "Mizani tuliipita kitambo. Aliipigia honi ndefu, watu wote wakageuka. Mke mwenza hajambo. Kuhusu mama yako mdogo, ameketi tangu saa kumi na mbili asubuhi, kashika usukani, na nikimwambia tusimame tunyooshe miguu anasema yeye hajachoka."